Mzigo wa Mwenzio: Manowari, Wapagazi na Beni katika Mpaka wa Songwe

Wahenga wametuachia usemi kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Hawakukusudia kutufundisha uzito wa mizigo. Walikusudia kutuonya juu ya macho yetu, ambayo hayaoni uzito wa kile ambacho hakijawekwa juu ya bega letu. Katika Afrika ya Mashariki ni pahala pachache usemi huu ulipopimwa kama ulivyopimwa katika ukanda ule wa milima na nyika ulio baina ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika, ambako leo ipo miji ya Tunduma na Vwawa, na wilaya za Ileje, Mbozi na Momba. Huko mizigo ilikuwa mizigo kweli, ya kichwani na ya begani, na baadhi yake ilikuwa vipande vya meli. Makala haya yanauliza jambo moja tu: katika utumishi wa namna hiyo, wa majini na wa nchi kavu, moyo wa mtu ulishikwa na nini usivunjike?

Msomaji wa visiwani ana haki ya kustaajabu. Tunduma iko mbali na Bahari ya Hindi kwa zaidi ya kilomita 900 za barabara. Mvuvi wa Mkokotoni au nahodha wa Wete angefika huko asisikie harufu ya chumvi wala mlio wa kasia. Lakini tukiitazama ramani tutaona kwamba nchi ile ni kama shingo baina ya bahari mbili za maji baridi. Kila aliyetaka kutoa chombo Ziwa Nyasa akakitia Ziwa Tanganyika hakuwa na budi kuivuka shingo hiyo, mwendo wa kilomita zaidi ya 300. Mwaka 1881 tajiri mmoja wa Scotland, James Stevenson, alitoa fedha ili ikatwe barabara kutoka Karonga kwendea Tanganyika, na jina lake likabaki juu ya njia hiyo. Meli ya wamisionari iliyoitwa Good News ililetwa kwa vipande, ikachukuliwa na wapagazi, ikaungwa tena na kushushwa katika Ziwa Tanganyika mwaka 1885. Kabla hata mpaka haujachorwa, watu wa nchi hiyo walikwishajua maana ya kubeba meli kichwani.

Mpaka wenyewe ulikuja na mapatano ya Waingereza na Wajerumani ya tarehe 1 Julai 1890. Mto Songwe unaoingia Ziwa Nyasa ukawa alama ya upande wa mashariki, na kutoka hapo mstari ukaendelea magharibi hadi Tanganyika, ukiwapasua Wanyamwanga sehemu mbili, hawa kwa Mjerumani, wale kwa Mwingereza. Upande wa Waingereza, karibu na Nakonde ya leo, kilisimama kituo cha Fife. Mbele zaidi, Abercorn, ambayo sasa ni Mbala. Mkoa wa Songwe haukuwako wakati huo. Umetengwa na Mkoa wa Mbeya mwaka 2016. Lakini ardhi ni ile ile, na njia ni ile ile.

Vita Vikuu vya Kwanza vilipozuka mwaka 1914, maziwa haya mawili yaligeuka viwanja vya manowari. Kisa cha kwanza ni cha Ziwa Nyasa. Kulikuwa na meli mbili za serikali: Hermann von Wissmann ya Wajerumani, chini ya Nahodha Berndt, na Guendolen ya Waingereza, chini ya Kamanda Rhoades. Watu hawa wawili walikuwa marafiki. Walikutana bandarini, wakanywa pamoja, wakazungumza. Katika ziwa lile kila mmoja wao hakuwa na mtu mwingine wa kazi yake ambaye angemwelewa. Tarehe 13 Agosti 1914 Rhoades alifika Sphinxhaven, ambayo leo ni Liuli, akaikuta meli ya rafiki yake imepandishwa nchi kavu inatengenezwa, akaipiga mzinga. Inasimuliwa kwamba Berndt, ambaye khabari za vita zilikuwa hazijamfikia, alipanda mashua akamwendea kwa hasira kumuuliza kama amelewa. Rhoades akamweleza kuwa serikali zao zinapigana, kisha akamchukua mateka.

Kisa hiki aghalabu husimuliwa kwa kicheko. Tukikitazama kwa utulivu tutaona huzuni ndani yake. Mabaharia wale walikuwa wamejitengenezea kwa mikono yao dawa ya upweke, nayo ilikuwa urafiki uliovuka bendera. Amri moja iliwafikia, na dawa ikamwagika.

Kisa cha pili ni cha Ziwa Tanganyika, nacho kinatufikisha karibu zaidi na mada. Mwaka 1915 Jeshi la Majini la Uingereza lilimtuma Geoffrey Spicer-Simson na kikosi kidogo cha mabaharia, pamoja na mashua mbili za injini zilizoitwa Mimi na Toutou. Zilipakiwa meli hadi Cape Town, zikapandishwa gari la moshi hadi Fungurume katika Kongo, na kutoka hapo zikavutwa kwa matingatinga ya mvuke, kwa ng'ombe, na kwa nguvu za mamia ya wanaume wa Kiafrika, zaidi ya kilomita 200 kupitia milima ya Mitumba. Tarehe 26 Disemba 1915 waliiteka meli ya Kijerumani Kingani. Tarehe 9 Februari 1916 wakaizamisha Hedwig von Wissmann. Spicer-Simson akasifiwa.

Baada ya sifa, mtu yule alianza kulegea. Meli kubwa kupita zote, Graf von Götzen, hakuthubutu kuikabili. Mwezi Juni 1916, jeshi la Kanali Murray lilipotoka Abercorn, likavunja ngome za Wajerumani mpakani na kufika Bismarckburg, yaani Kasanga, mabaharia wa Spicer-Simson walikuwako ziwani; hata hivyo Wajerumani waliondoka kwa mitumbwi bila ya kuzuiwa, na kanali akamlaumu waziwazi. Haukupita muda, kamanda akarudishwa kwao kwa maradhi ya akili na mishipa ya fahamu. Wanaomwandika humcheka kwa majivuno yake na kwa vazi lake mfano wa saruni. Mimi naona zaidi ya kichekesho. Naona mtu mwenye cheo asiye na mwenzi. Juu yake palikuwa na wakubwa walio London. Chini yake palikuwa na watu aliowatisha kwa maneno makubwa. Ubavuni mwake hapakuwa na mtu. Jakamoyo likimpata mtu wa namna hiyo huwa halina mlango wa kutokea.

Sasa tuwaache wenye vyeo, tuwatazame waliobeba. Kanda la usufi lilikuwa juu yao. Mwaka huo huo wa 1916, mwezi Mei, Jenerali Northey aliingiza majeshi yake katika koloni la Wajerumani kutokea Karonga, Fife na Abercorn. Nyuma ya kila askari walikuwako wapagazi kadhaa: wa chakula, wa risasi, wa mizinga, wa majeruhi. Katika nchi za Nyasa na Rhodesia ya Kaskazini waliitwa tengatenga. Walichukuliwa vijijini na machifu kwa amri, au kwa ujira mdogo, au kwa kamba. Waliotoka mbali walikunywa maji wasiyoyazoea na kula unga usioiva. Katika baridi ya nyanda za juu walilala na blanketi moja, au bila ya hilo moja. Kwa upande wa Waingereza peke yake, katika Afrika Mashariki nzima, idadi ya wapagazi ilifika mamia ya maelfu, na waliokufa ni makumi ya maelfu. Wengi hawakufa kwa risasi. Walikufa kwa kuhara, kwa kichomi, kwa malaria na kwa njaa. Mtaa wa Kariakoo wa Dar es Salaam umebeba jina la kikosi chao. Majina yao wenyewe hayakuandikwa popote penye kuonekana.

Wala hawakuwa na daktari wa nyoyo. Jeshi lilipima uzito wa mzigo na urefu wa safari, huzuni halikuipima. Basi msaada ulitoka wapi? Ulitoka kwao wenyewe, na sehemu yake ilitoka kwetu, pwani.

Wapenzi wa ushairi hawahitaji kuelezwa sana juu ya beni. Ngoma hii ilichipuka katika miji ya pwani ya Kenya, Lamu na Mombasa, mwishoni mwa karne ya 19, watu walipozisikia bendi za kijeshi na za wamisionari wakazigeuza kuwa zao. Ilikuwa na gwaride, ngoma kubwa, tarumbeta za shaba au za vibuyu, sare zilizopigwa pasi, na nyimbo za Kiswahili za kujibizana, ambazo ni mtoto halali wa mashindano yetu ya kale ya ushairi. Katika koloni la Wajerumani, kabla ya vita, beni ilikuwa imekwishagawanyika makundi mawili yaliyoshindana katika kila mji: Marini na Arinoti. Jina la Marini limetokana na neno la Wazungu lenye maana ya jeshi la majini. Waungwana wa mjini, makarani na waliosoma walipendelea Marini. Watu wa bara na wa kazi nzito walijaa zaidi Arinoti. Kila kundi lilikuwa na vyeo vyake kutoka juu hadi chini: mfalme, gavana, kanali, kapteni, hakimu, daktari, na kwa upande wa wanawake, malkia na wasaidizi wake.

Vita viliibeba ngoma hii mabegani mwa watu wale wale waliobeba risasi. Askari na wapagazi wa pande zote mbili waliicheza kambini, na mateka waliwafundisha waliowateka. Vita vilipokwisha, kila mmoja alirudi kwao nayo. Waliorudi wilaya za kaskazini za Rhodesia walivuka mpaka huu huu. Na ndipo tunapoikuta beni imetulia bara, Rhodesia ya Kaskazini na Nyasaland, ikizaa ngoma nyingine zenye majina mengine: mganda, malipenga, kalela. Hata mwisho wa vita ulipita hapa. Von Lettow-Vorbeck alipita nyanda za Mbozi, akaishambulia Fife mwanzoni mwa Novemba 1918, akaingia ndani ya Rhodesia, na tarehe 25 Novemba akaweka silaha chini Abercorn, akiwa na Wazungu 155, askari zaidi ya 1,100, na nyuma yao wapagazi na wanawake kwa maelfu. Homa kubwa ya mwaka huo ikawapokea waliookoka vitani.

Tuulize sasa: ngoma iliyoitwa kwa jina la manowari ilimfaa nini mtu aliyechoka, katika nchi isiyo na bahari? Ilimfaa kwa mambo matatu.

La kwanza ni udugu wenye taratibu. Mwanachama wa Marini aliyefika mji mgeni alikwenda kwa wanachama wenziwe, akapewa pa kulala na chakula. Akiugua, walichanga. Akifa, walimwosha na kumzika, wakafuata jeneza kwa sare zao kana kwamba amekufa ofisa. Kwa mtu aliyewaona wenzake wakiachwa kando ya njia bila ya kaburi, jambo hili lilikuwa na thamani kuliko mshahara.

La pili ni cheo. Jeshini, mpagazi alikuwa namba, na katika daftari aliandikwa pamoja na magunia. Jioni, ndani ya beni, aliweza kuwa kapteni. Walikuwako Wazungu waliocheka wakidhani kuwa watu hawa wanawaigiza. Lakini mtu anayevunjika moyo aghalabu huvunjika kwa sababu hana pahala pa kuwa mtu mbele ya wenziwe, na vyeo vya Marini vilimpa pahala hapo. Tofauti na Spicer-Simson iko hapa: yeye alikuwa na cheo cha kweli kisicho na udugu, wao walikuwa na udugu uliotengeneza vyeo.

La tatu ni wimbo. Katika mashindano ya beni, lisilosemeka mchana lilisemeka usiku. Bwana mkali alitajwa kwa fumbo. Adha ya safari iligeuzwa mzaha. Mpinzani alipigwa vijembe mpaka hadhira ikaangua kicheko. Watu wa pwani tunajua kazi ya fumbo: humruhusu mtu kuutua mzigo bila ya kukamatwa akiutua. Dhiki ikiingia katika mizani na vina haiwi tena ya mtu mmoja. Kila anayeitikia kiitikio ameshika upande wake.

Haifai, hata hivyo, kuipamba beni kupita kiasi. Ushindani wake ulizaa ugomvi, na pengine watu walipigana. Sare na karamu ziliwaingiza wanachama katika madeni, na faini ziliwaumiza maskini. Marini waliwadharau Arinoti kwa asili yao, na katika dharau hiyo mlikuwa na kivuli cha utumwa, ambacho sisi wa pwani tukiri kwamba kilisafiri pamoja na ngoma zetu. Udugu uliomkumbatia mtu mmoja ulimfungia mlango mwingine. Lakini hata aliyefungiwa mlango alijenga nyumba ya pili iliyofanana na ya kwanza, naye akapata wa kumzika.

Serikali haikuipuuza ngoma hii. Mara baada ya vita maofisa wa Kiingereza waliingiwa na wasiwasi kuona watu weusi wa makabila mbalimbali wanapelekeana barua, wanatoa amri na kutii amri, kutoka pwani hadi bara. Walichunguza kama kuna njama, lakini chama cha kusaidiana ndicho walichokikuta. Wasiwasi ukarudi mwaka 1935, wachimbaji wa shaba wa Rhodesia ya Kaskazini walipogoma kwa sababu ya kupandishwa kodi, na watu 6 wakauawa kwa risasi katika mgodi wa Roan Antelope, Luanshya. Tume iliyoundwa baadaye ilitaka kujua chama cha Mbeni, jina walilolitamka huko, kilikuwa na mkono gani. Kwa wenye migodi lilikuwa swali la usalama. Kwetu ni ushahidi: miaka 17 baada ya vita, wafanyakazi walipoonewa, ngoma iliyozaliwa pwani ilikuwa bado ni moja katika milango waliyoigonga.

Na tusifikiri kwamba nchi ya Songwe ilikuwa mbali na migodi hiyo. Vijana wa Mbozi, Ileje na Rungwe walivuka Tunduma kwenda kutafuta kazi katika shaba, kama wengine walivyokwenda dhahabu ya Lupa, Chunya. Mwaka 1951 mtaalamu J. Clyde Mitchell aliitazama kalela ikichezwa huko Luanshya, akaiandikia kitabu kilichotoka mwaka 1956. Inasimuliwa kwamba kalela ilianzia kisiwa cha Chilubi katika Ziwa Bangweulu; ni fahari ndogo kwa watu wa visiwa. Katika wachezaji alimwona mfalme aliyevaa suti, na daktari mwenye kanzu nyeupe yenye msalaba mwekundu. Alikuwako pia mwanamke aliyevaa kama muuguzi, akizunguka na kioo na kitambaa mkononi ili wachezaji wajitazame na kujifuta jasho. Hilo tu lilikuwa kazi yake.

Katika yote niliyoyasoma juu ya ngoma hizi, mwanamke huyu ndiye asiyenitoka moyoni. Majeshi yaliyopita mpakani yalikuwa na makamanda na wakadiriaji wa mizigo. Ngoma ya waliochoka ilimweka mtu ambaye wajibu wake ni kumwonyesha mwenziwe uso wake na kumpa kitambaa.

Leo malori husimama Tunduma kwa foleni, yakingoja kuingia Zambia na Kongo. Reli ya TAZARA, iliyojengwa baina ya mwaka 1970 na 1975, inavuka hapo hapo, na tangu 2019 kituo cha pamoja cha forodha kimepunguza usumbufu wa kupekuliwa mara mbili. Madereva na makuli wanaolala chini ya matela hawajui kwamba wamelala juu ya njia ya tengatenga, wala mabaharia wa jeshi letu la majini hawafundishwi kuwa jina la kazi yao liliwahi kuwa jina la chama cha mazishi nyanda za juu. Wataalamu wa siku hizi wanatuambia kwamba mfanyakazi wa kazi ngumu huhimili zaidi akiwa na wenzake wa kumtegemeza. Ni kweli, na ni vizuri kwamba sasa inapimwa. Waliokuja kabla yao waliijua kweli hiyo wakiwa na vibuyu vya kupulizia na shati moja la kupiga pasi.

Nyimbo nyingi za Marini na Arinoti zimekwishapotea. Zilizobaki zimo vichwani mwa wajukuu, upande huu wa Songwe na upande ule, aghalabu katika lugha ambazo si Kiswahili tena, na maneno ya pwani yakichungulia ndani yake kama chokaa katika ukuta wa zamani. Sisi ambao tumejaaliwa kuzihifadhi tenzi za mashehe na masultani tunadaiwa na watu hawa pia. Yeyote mwenye babu au bibi anayezikumbuka na akae naye, aandike. Mwenye mzigo hakuacha kaburi lenye jina. Aliacha kiitikio, nacho hakiwezi kuimbwa na mtu mmoja.